Mpigo mmoja wa mwanga wa leza au mipigo mingi, ipi inanasa vitu vya kasi?

Hapa Mombasa tukikaa wapenda fizikia hii haiishi. Njia ya mipigo miwili: wa kwanza unaamsha molekuli, wa pili unaipima, unarudia mara nyingi ukichelewesha kidogo kidogo, ndo mwanakemia Ahmed Zewail akapata Nobel 1999. Kwa kasi inashinda, inafika femtosekunde (sekunde moja ukiigawa mara milioni ya bilioni), lakini lazima tukio lijirudie vilevile. Sasa seli ya damu ikipita imepita, hairudi, hapo nataka mpigo mmoja ubebe picha nzima urefushwe ndani ya faiba (uzi wa kioo) upate kusomeka, kamera ya chuo kikuu cha UCLA, Marekani, 2009 ilitoa fremu milioni 6 kwa sekunde. Bei zote ghali. Matunzo nayo, joto letu la Januari linasogeza vioo vya leza, stima ikipotea unapanga upya. Wa kemia chukua ya kwanza, wa seli ya pili.