Anachora kwa Vidole, Anafuta, Anachora Tena: Uchambuzi wa Filamu za Aleksandr Petrov

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo sina simu mezani wala sina kamera mpya. Nina filamu tano fupi za mtu mmoja, mwongozaji wa katuni kutoka Urusi, Aleksandr Petrov. Ukiziunganisha zote hazifiki hata saa moja na nusu. Nataka nikuambie kwa nini uzitafute, uanze na ipi, na ipi nadhani imesifiwa kuliko nyingine wakati iliyo bora zaidi imekaa pembeni.

Kwanza tuzungumze anavyofanya kazi, kwa sababu usipolijua hili utaangalia, utasema "zinapendeza", na utapita.

Petrov hachori kwenye karatasi. Anachora juu ya kioo, kwa rangi ya mafuta, ile ile ya wachoraji wa picha za ukutani. Vioo vinapangwa juu ya vingine kama rafu za kabati, na taa inawaka kutoka chini. Mandhari ya nyuma inakaa kwenye kioo kimoja, mtu anakaa kwenye kingine. Kamera iko juu, inatazama chini. Anachora, anapiga picha moja. Halafu, kwenye kioo kile kile, anaisukuma ile rangi kidogo: mkono unasogea, jicho linafumba, wimbi linapanda. Anapiga picha nyingine. Brashi anaishika pale panapohitaji kitu chembamba sana. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na ncha za vidole vyake.

Sasa fikiria maana yake. Ili apate picha ya pili, lazima aiharibu ya kwanza. Ile picha uliyoipenda, uso wa mzee wenye mikunjo yote, haipo tena popote duniani isipokuwa kwenye filamu. Hana pa kurudi akikosea. Mchoraji wa katuni za kawaida ana karatasi zake, akiona fremu ya kumi ina kasoro anaitoa, anachora nyingine. Petrov fremu yake ya kumi ameshaifuta ili aipate ya kumi na moja. Na ndiyo sababu anatumia mafuta: rangi inayochelewa kukauka inampa muda wa kuendelea kuisukuma. Ingekuwa inakauka haraka, kazi ingegandia hapo hapo kiooni.

Haya, tupige hesabu kidogo. Filamu yake maarufu kuliko zote ni ile ya 1999 iliyotokana na hadithi ya Ernest Hemingway ya mzee na bahari. Ina dakika 20 na picha zaidi ya 29,000. Kazi ilianza Machi 1997 ikaisha Aprili 1999, yeye na mwanawe Dmitri akimsaidia. Gawanya. Unapata picha 38 hivi kwa siku, bila Jumapili, bila sikukuu, bila kuumwa. Sekunde moja ya filamu inakula picha 24. Kwa hiyo siku nzima ya kazi inazaa chini ya sekunde mbili. Wewe ukipepesa macho mara moja, umeshapitwa na asubuhi yake nzima.

Mwenyewe ni nani? Amezaliwa Julai 1957 huko Prechistoye, mkoa wa Yaroslavl, na maisha yake mengi ameyaishi Yaroslavl, mji ulio kando ya mto Volga. Alisoma chuo cha filamu cha VGIK, Moscow, chini ya Ivan Ivanov-Vano, mmoja wa wazee walioijenga katuni ya Kisovieti. Akafanya kazi studio za Yerevan na Sverdlovsk, kisha akarudi Moscow kwenye kozi za juu za uongozaji, ambako waliomfundisha walikuwa Fyodor Khitruk na Yuri Norstein, waongozaji wakubwa wa katuni za Kisovieti. Kwa anayefuatilia fani hii, hayo majina mawili yanatosha. Walimu wa namna hiyo hawamfundishi mtu kuchora sungura anayekimbia. Wanamfundisha kutulia na kuangalia.

Na kazi ya kumalizia masomo yake, jamani, ndiyo ninayotaka uanze nayo. Inaitwa Korova, yaani Ng'ombe, ya mwaka 1989. Ni dakika kumi hivi. Imetokana na hadithi ya mwandishi wa Kirusi Andrei Platonov. Mtoto wa mfanyakazi wa reli, familia yao ina ng'ombe mmoja. Ndama wa yule ng'ombe anapelekwa kuchinjwa. Ng'ombe anahuzunika, anakataa maisha, anatangatanga, na mwisho anagongwa na treni. Basi. Hadithi ndiyo hiyo.

Lakini angalia alivyomchora yule ng'ombe. Hakumpa macho ya kibinadamu, hakumpa machozi, hakumfanya aongee. Ni mnyama tu, mzito, ana mwili. Rangi ni za udongo na za jioni, na kwa kuwa kila kitu kimetoka kwenye vidole vile vile, mtoto na ng'ombe na giza la zizini vinaonekana vya asili moja. Mtoto anaandika insha ya shule juu ya yule ng'ombe: alitupa vyote alivyokuwa navyo, maziwa, mwana, nyama, ngozi, matumbo na mifupa. Alikuwa mwema. Mtoto anaorodhesha tu kama anavyoorodhesha mtoto wa shule, wala halii. Aliyekulia kwenye nyumba yenye mifugo atalielewa hilo bila kuelezwa na mtu. Kazi hiyo ya mwanafunzi ilifika mpaka orodha ya wagombea wa Oscar.

Baada yake ilikuja filamu ya 1992 iliyotokana na hadithi ya Dostoevsky, mwandishi mwingine wa Kirusi, ile ya mtu aliyekusudia kujiua, akalala, akaota dunia ya watu wasio na dhambi, naye ndiye akawafundisha uongo. Ni dakika 20, ina picha za kutisha kwa uzuri, ila maneno ni mengi. Hii iache mpaka uwe umeshamzoea. Halafu Rusalka, 1997: mtawa mzee, kijana anayemlea, na mzimu wa msichana aliyejizamisha mtoni baada ya kuachwa na yule mzee enzi za ujana wake. Maji ya mto, barafu inayopasuka, nywele za msichana majini, pale vidole vya Petrov viko nyumbani kabisa. Nayo iligombea Oscar.

Sasa turudi kwa yule mzee wa baharini. Urusi ya miaka ile ya tisini, baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, fedha za serikali za filamu zilikuwa zimekauka. Fedha za kazi hii zilitoka Kanada na Japani, na kazi yenyewe ilifanyika Montreal, kwenye studio ya Pascal Blais. Ilikuwa katuni ya kwanza kutengenezwa kwa skrini kubwa za IMAX. Hapo ndipo palipo na mtihani: kwenye skrini ya ukubwa ule, alama ya kidole inakuwa kubwa kama gari. Kwa hiyo ilibidi aache vioo vyake vya kawaida, vya ukubwa wa karatasi ya A4 hivi, ahamie kwenye vioo vikubwa mara nne, na kamera iendeshwe na kompyuta ili isiyumbe hata unywele. Mkono wa mtu chini, mashine juu yake.

Hadithi mnaijua: Mkuba mzee, Santiago, siku 84 hajapata samaki, anakwenda mbali peke yake, mshipi wake unanasa nduaro mkubwa kuliko mashua, wanavutana siku na usiku, anamchoma chusa, na njiani kurudi papa wanamla samaki mpaka unabaki mfupa. Filamu inafungua na ndoto ya mzee: utoto wake juu ya mlingoti wa meli, na simba wanaocheza ufukweni mwa Afrika. Simba wale hawana sura ya kutisha wala hawafukuzi mtu, wanacheza mchangani. Ukiwa mtazamaji wa huku kwetu, unaiona Afrika ikiwa ndiyo kumbukumbu tamu kuliko zote za mzee wa mbali kabisa, na inakugusa.

Nenda kwenye sehemu mbili, uzirudie. Ya kwanza ni ile ya kupimana nguvu za mikono mezani, Santiago akiwa kijana, na mpinzani wake mweusi aliyesifika kwa nguvu kuliko wote bandarini. Usiangalie nyuso, angalia mikono. Mshipa ukivimba, ni rangi imesukumwa kweli, kuna kidole halisi kimepita pale. Ya pili ni pale mzee anapoota kwamba yeye na samaki ni ndugu, wanaogelea pamoja, bahari inageuka mbingu bila wewe kuona mpaka. Kompyuta ingeweza kukata, ikaleta picha mpya. Petrov hakati: bluu ile ile ya maji ndiyo inayosogezwa mpaka iwe hewa. Mbinu na hadithi zinakutana, maana mzee naye anasema yeye na samaki ni kitu kimoja.

Mwaka 2000 ilipata Oscar, ikapata na tuzo kuu ya tamasha la katuni la Annecy, Ufaransa. Ilistahili. Lakini ninayo malalamiko. Dakika 20 hazitoshi kumchosha mtazamaji kama alivyochoka mzee. Kwenye kitabu unahisi mshipi ukikata viganja, saa baada ya saa. Hapa siku tatu zinapita haraka mno, picha nzuri inafukuza picha nzuri. Na nyuso mahali pengine zinafanana na picha za kupigwa kiasi kwamba mkono wa mchoraji unajificha. Samaki, papa na maji vina uhai kuliko watu. Ndiyo maana naona Korova ni bora, ingawa bajeti yake haikaribii hii hata kidogo.

Ya mwisho kwa leo ni Mapenzi Yangu, 2006, dakika 26, ilimchukua miaka mitatu akiwa amerudi Yaroslavl. Imetokana na hadithi ya mwandishi wa Kirusi Ivan Shmelyov. Anton ana miaka 16, Moscow ya karne ya 19, moyo umegawanyika kati ya Pasha, mtumishi wa nyumbani, na jirani wa ajabu anayeitwa Serafima. Hapa nyuso zimetulia. Rangi ni nyepesi, zina mwanga wa jua la kiangazi, na kijana akianza kuwaza, chumba chenyewe kinayeyuka pamoja na mawazo yake. Unampenda Pasha mapema sana kuliko Anton anavyomtambua, na hilo linauma hadi mwisho. Hii pia ilifika kwenye orodha ya Oscar. Filamu nne kati ya tano nilizozitaja zimefika huko.

Ushauri wa kutazama. Usizitazame kwenye simu kwa ubora wa chini ukiwa kwenye daladala. Kinachopotea ni ile michirizi ya vidole, na bila hiyo umepoteza nusu ya kazi. Tafuta nakala safi, televisheni au kompyuta, zima taa. Kirusi kisikutishe, maandishi ya tafsiri ya Kiingereza yanatosha. Ukifika kwenye sehemu uliyoipenda, simamisha, sogeza fremu moja moja, utaona rangi ikihama. Wazazi, Korova msiwawekee watoto wadogo mkawaacha peke yao nayo. Kaeni nao, maana watauliza ndama amekwenda wapi. Anza na hiyo, fuata Mapenzi Yangu, kisha mzee na samaki wake, halafu Rusalka, na Dostoevsky mwachie nafasi ya mwisho. Ukishaziangalia niandikie hapo chini kama unakubaliana nami juu ya yule ng'ombe.