Ampu ya Valvu kwa Bluzi na Roki: Igeuze Nyuma Kwanza

Watu wanataka niwapangie ampu za gitaa zenye valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) kwa ubora wa sauti. Nitawapangia, ila tuanze na plagi, maana plagi ndiyo inayowaliza wasomaji wangu kutoka Uyole mpaka Mafinga.

Malalamiko yao yanafanana mno. Mtu kanunua ampu ya valvu ya mtumba, muuzaji kaapa ni orijino kutoka Marekani, kafika nyumbani, kawasha. Valvu zimeng'aa kuliko kawaida, spika imeunguruma, halafu moshi. Akirudi dukani anaambiwa umeme wa kwake ndio mbaya. Kumbe ampu ni ya volti 120, na ukutani kwetu zinatoka 230.

Ampu ya Marekani huja na plagi ya miguu bapa miwili na mmoja wa duara. Ingebaki hivyo, kila mtu angeona haiingii kwenye soketi zetu na angeuliza maswali. Sasa wauzaji wanaikata, wanafunga plagi ya miguu mitatu ya hapa nyumbani, na mchezo umekwisha. Kwa hiyo ukikuta ampu imechubuka kona zote, kitambaa cha mbele kimefifia, lakini plagi ni mpya inayong'aa, usitoe hela bado.

Kabla hujaomba hata kusikia sauti, igeuze. Karibu na pale waya wa umeme unapoingilia pameandikwa volti na hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Ikiwa 220, 230 au 240, endelea na mazungumzo. Ikiwa 120, au 100 kwa zile za Japani, ujue unanunua ampu pamoja na transfoma ya kushusha umeme, na gharama hiyo iondolewe kwenye bei. Ukiichomeka moja kwa moja, nyuzi za ndani ya valvu zinazotaka volti 6.3 zinapewa kama 12, na kapasita, vile vipande vinavyotunza umeme, zinapewa karibu mara mbili ya kawaida yake. Hakuna ampu inayovumilia hilo.

Na hapa ndipo hata mafundi redio wetu wazuri wanateleza: wanatazama volti, wanasahau hezi. Umeme wetu ni hezi 50, wa Marekani ni 60. Transfoma ya kushusha inashusha volti tu, hezi haizigusi. Ampu iliyoandikwa 60 peke yake, hata ukiipa volti 120 sawasawa, chuma cha transfoma yake kinabeba usumaku zaidi kwa asilimia 20, kinachemka na kuvuma. Tafuta iliyoandikwa 50/60. Za Japani kwa kawaida hazina tatizo hilo, kwa sababu mashariki ya nchi ile wanatumia hezi 50 na magharibi 60. Wapo wanaonijibu kwamba baridi ya Mbeya itaipoza. Baridi ya Juni inapoza chai. Transfoma inachemka kutokea ndani, na kwenye mwinuko wa mita 1,700 hewa yetu ni nyepesi, haibebi joto vizuri.

Ukishasoma maandishi, chomoa ampu kwenye umeme, kisha fungua kidude cha fyuzi. Nimeshaona fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Aliyefanya vile alichoka kununua fyuzi, na fyuzi inayokatika kila mara ina sababu ambayo muuzaji hatakusimulia. Inamia unuse sehemu ya transfoma. Harufu ya vanishi iliyoungua haitoki upesi. Ila usifungue boksi lenyewe, maana kapasita hutunza mamia ya volti hata baada ya kuchomoa.

Haya, orodha. Mimi ni mtu wa ampu za kampuni ya Vox na sifichi. Namba moja ni AC15: wati 15, valvu mbili za aina ya EL84, spika ya inchi 12. Watasema Vox ni ya nyimbo laini. Waambie mpiga gitaa Rory Gallagher alipigia bluzi yake kwenye AC30, kaka mkubwa wa hii, na Brian May wa Queen anapanga AC30 kadhaa jukwaani. Lakini sababu yangu kubwa ni ya kifundi. Kwenye ampu nyingi, ukibadilisha valvu za mwisho, zile zinazosukuma spika, unahitaji fundi apime na kurekebisha mkondo unaopita ndani yake. AC15 inajirekebisha yenyewe. Unachomoa jozi iliyochoka, unachomeka mpya, unapiga. Kwa mtu wa Tukuyu au Makete, ambako anayejua valvu ni babu aliyestaafu, hilo ni kubwa kuliko rangi zote za sauti. Kasoro yake: EL84 zinafanya kazi kwa moto mkali na huchoka mapema. Na kama umelelewa na fuzi, ile sauti ya gitaa inayokwaruza, ya Zamrock, roki ya bendi za WITCH na Ngozi Family iliyovuma Zambia miaka ya 1970, weka pedali ya fuzi mbele ya AC15 utanikumbuka.

Namba mbili, Marshall DSL20 au Origin 20. Hizi zina valvu za EL34, ndiyo ngurumo ya roki ya Uingereza yenyewe. Origin inashuka hadi wati 3 na hata nusu wati, hivyo mwenye nyumba hatakuletea notisi. Zinahitaji fundi wakati wa kubadili valvu, ndiyo maana hazikushinda.

Namba tatu, Fender Blues Junior. Sauti safi, nzuri kwa bluzi ya taratibu, nyepesi kubeba. Ukiisukuma sana inabana. Hot Rod Deluxe ya wati 40 waachieni wenye kumbi. Utamu wa valvu unakuja ukiisukuma, na kwa wati 40 ndani ya kanisa la bati mchungaji atakuzima kabla hujafika huko.

Mfuko ukibana, Bugera V5 ya wati 5 itakuonjesha. Basi.

Sasa wauzaji. Mmoja anakataa usijaribu, eti "ukiijaribu umeinunua". Mwingine anakujaribishia kichwa cha ampu (ampu isiyo na spika ndani) bila kukiunganisha na spika, aone tu kama taa inawaka, wakati valvu ikifanya kazi bila spika inaweza kuua transfoma ya kutolea sauti pale pale. Na valvu zenyewe: viwanda vilivyobaki duniani ni vichache, vikubwa viko Slovakia, Urusi na China, kwa hiyo bei kuwa juu naielewa. Nisichokielewa ni kuuziwa valvu mbili kutoka maboksi mawili tofauti kwa bei ya jozi iliyopimwa pamoja. Jozi halali hupimwa kabla ya kufungwa, na vipimo huandikwa kwenye boksi. Boksi likiwa halina kitu, lipa bei ya valvu moja moja.

Ukinunua Dar, valvu zisisafiri ndani ya ampu kwenye buti la basi, hasa kwa matuta na kona za Kitonga. Ziache zipoe, zichomoe moja moja, ziandike namba kulingana na tundu zilikotoka, zifunge kwa gazeti, ukae nazo kwenye begi lako. Na karani wa vifurushi akisema hilo boksi ni jokofu na litalipiwa kama jokofu, mwambie alete mizani. AC15 ni kama kilo 22, Blues Junior kama 14.