Aproni ya fundi wa Soko la Toi, kwa walimu wa watoto wadogo

Nimetoka Tanga, nafundisha PP1 hapa Nairobi, watoto wa miaka minne. Uji wa saa nne haukosi kumwagika, rangi hufutiwa kwenye sketi ya mwalimu, na Julai, baridi ikikaza, makamasi hayaishi. Aproni niliyoshonewa Toi kwa shilingi 600 imeniokoa kweli. Ni ya jinzi nyepesi, na mfuko wake mpana unameza vitambaa vya kufutia, kalamu za rangi, hata kiatu kilichopoteza mwenzake. Ukiiloweka na sabuni ya kipande, rangi inatoka. Kamba ya shingoni ndiyo dhaifu: mtoto akining'inia huku akimlilia mama yake, mshono unaachia. Fundi aliirudia bila malipo, mshono maradufu. Walimu wenzangu, mwambieni aikaze tangu mwanzo.