Ruta ya elfu kumi na nne, betri ya elfu tatu, na ukuta wa nyanya

Nyumba tuliyoachiwa na nyanya hapa Kibokoni, Mombasa, ina kuta ambazo hata mizinga ya Ngome ya Yesu ingezitolea jasho. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita. Joto la Februari haliingii, honi za tuktuk haziingii, na Wi-Fi nayo haipiti. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Meza yangu iko chumba cha nyuma, kisanduku cha fiba, kile kinachoingiza intaneti nyumbani, kiko sebuleni mbele, na kati yetu zimesimama kuta mbili.

Kinachoniuma ni kwamba nyaya za intaneti za baharini zinatua mji huu huu. TEAMS na SEACOM zilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. TEAMS inaanzia Fujairah kule Falme za Kiarabu, inapita chini ya bahari maelfu ya kilomita mpaka Mombasa salama salimini. Halafu ikifika kwangu inashindwa na mita tisa za mwisho.

Jumatatu nikaamua liwalo na liwe. Nikaenda duka moja Barabara ya Digo nikanunua ruta, yaani kifaa cha kurusha Wi-Fi, ya kizazi cha Wi-Fi 6 yenye antena nne, shilingi 14,500. Muuzaji akaniambia, "Hii kaka, inapita hata ukuta wa jela." Nilipaswa kumuuliza jela gani.

Sebuleni ilikuwa raha: nalipia kasi ya megabiti 200 kwa sekunde, nikapimiwa 190. Nikabeba laptopu mpaka chumbani. 18. Ile ruta kuukuu ya bure niliyopewa na kampuni ilikuwa ikinipa 14. Piga hesabu mwenyewe kila megabiti ya nyongeza imenigharimu kiasi gani, mimi nilipiga usiku sikulala.

Tatizo si ruta, na hapa nataka niwe mwadilifu kwake. Wi-Fi hurushwa kwa masafa mawili: ya gigahezi 5 yana kasi lakini hayana pumzi, ukuta mmoja mnene unayamaliza. Ya 2.4 yanapenya vizuri zaidi, ila huku Mji wa Kale nyumba zimebanana mpaka jirani akikaanga viazi karai unajua ameweka ndimu ngapi. Nikiwa mezani nilihesabu mitandao 23 ya watu. Katika 2.4 chaneli, yaani njia za kupitishia mawimbi, zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, kwa hiyo sote tunapigiana kelele mle mle. Antena hata ziwe kumi, jiwe ni jiwe.

Aliyefaidi ni mama. Yeye hukaa sebuleni na tamthilia zake za Kituruki kwenye simu. "Leo hazikwami," akasema, akaniombea dua. Basi angalau nilipata radhi.

Jumanne nikarudi kwenye dawa ya wazee: waya. Kutoboa sikuthubutu, nyanya angenitokea ndotoni, lakini juu ya kila mlango kuna tundu la hewa. Nikapitisha waya wa mtandao uliokuwa stoo, nikauchomeka, nikapima: 94. Nikapima tena: 94. Nikazima nikawasha: 94.

Ukiona namba hiyo imeganda, usipoteze wakati kuipigia simu kampuni ya intaneti kama nilivyofanya mimi (dakika 40 za muziki, kisha kijana akaniambia nizime niwashe). Waya wa mtandao una nyuzi nane ndani. Kasi ya gigabiti inazihitaji zote nane. Zikishika nne tu, vifaa vinateremka kimyakimya hadi megabiti 100, na ukitoa data ya ziada inayosindikiza kila kinachotumwa inabaki kama 94. Nikaangalia kichwa cha waya kwa tochi ya simu. Pini mbili zilikuwa za kijani, kutu ya shaba. Hewa ya chumvi hii hula kila kitu, bawaba, redio, hata funguo. Nikakata pande zote mbili, nikaazima koleo la fundi wa mtaani, nikabana vichwa vipya vya shilingi 20 kimoja. 193. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jumatano ndiyo siku ya kusimulia. Nilikuwa napandisha tovuti ya mteja mwenye nyumba za wageni, faili zimefika nusu, stima ikapotea. Laptopu ina betri, sawa, lakini ruta na kisanduku cha fiba havina. Tovuti ikabaki nusu mpya nusu ya zamani, na mteja akapiga simu kuniuliza kwa nini kitufe cha kuweka nafasi kimehamia juu ya picha ya bwawa. Nikamalizia kwa bando la simu huku nikiapa.

Alasiri hiyo nikanunua kibetri kidogo cha ruta, watu wanakiita mini UPS. Shilingi 3,200. Kwenye boksi wameandika saa 8, ambazo ni saa za muuzaji. Ndani kuna miliampia-saa 10,400, ila hizo zimepimwa kwa volti 3.7 za betri yenyewe, zidisha, unapata nishati ya wati-saa 38 na kidogo. Ruta yangu na kisanduku vinakula kama wati 13 pamoja. Gawanya, unapata saa tatu, toa kinachopotea betri inapopandishwa hadi volti 12. Mimi nilipata saa mbili na dakika 25. Zinanitosha, mara nyingi stima hurudi kabla ya hapo.

Kilichonitesa ni plagi. Kibetri kina tundu moja tu la volti 12, na mimi nina vifaa viwili vya volti 12, kwa hiyo ikabidi nipate waya wa kugawa. Nikaupata, ukaingia, taa zikawaka. Mama akipita na kanga yake ikigusa meza, intaneti inakatika. Siku mbili nzima tulikuwa tunatembea sebuleni kama tunamwogopa paka aliyelala. Kumbe plagi hizi za duara zina upana mmoja kwa nje, milimita 5.5, lakini pini ya katikati iko ya 2.1 na iko ya 2.5. Kwa macho huzitofautishi. Plagi yenye tundu la 2.5 ikiingia kwenye pini ya 2.1 inakaa, ila inacheza. Ijumaa nikabadilisha waya kwa shilingi 150, mambo yakatulia.

Kwa hiyo: kibetri ningenunua tena kesho, na vichwa vya waya pia. Ruta ningeirudisha, lakini mama ameshaizoea na duka halirudishi pesa.

Jambo moja sikulitarajia. Jumamosi nilimwomba mama afungue ile tovuti ya mteja kwa bando lake, nje barazani. Akangoja, akangoja, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni picha au ni pazia?" Picha ya bwawa ilikuwa megabaiti 4. Kwa megabiti 193 sikuona kitu. Nikaipunguza hadi kilobaiti 180, na sasa simu yake ndiyo chombo changu cha majaribio.

Jumapili baada ya Isha stima ikapotea mtaa mzima. Mama hakunyanyua hata macho, Mturuki wake alikuwa anakiri mapenzi. Mara hodi, ni ami wa nyumba ya pili.

"Yakhe, mbona kwenu intaneti ipo?"

Nikamkaribisha, nikamwonyesha kibetri. Akasema kesho anakwenda kununua. Nikamwambia, "Ami, kwanza nenda kaniletee plagi ya ruta yako tuipime pini."