Huduma ya kuandika CV, Brampton: nyota nne

Nilimlipa dola 140 mama mmoja wa Kitanga hapa Brampton anayewaandikia CV wageni tuliohamia Kanada. Nilimpelekea ile ya Nairobi, juu kabisa imeandikwa "Software Engineer". Ndicho cheo nilichoajiriwa nacho miaka sita, kimo hata kwenye barua ya mwajiri. Aliukata mstari huo kabla hata chai haijamiminwa. "Mwanangu, wewe umesajiliwa PEO?"

PEO ndiyo bodi ya wahandisi wa Ontario. Kwa sheria ya jimbo hili, jina "engineer" ni la waliosajiliwa, na asiyesajiliwa akilitumia, faini ya kosa la kwanza inaweza kufika dola 10,000. Hakunitaka nimwamini kwa mdomo. Alinifungulia kifungu cha 40 nikakisoma mwenyewe. Nikamuuliza, mbona binamu yangu wa Calgary, jimbo la Alberta, anajiita hivyo? Akanieleza kwamba Alberta walibadili sheria mwishoni mwa 2023, wakawaachia watu wa programu jina hilo bila usajili, baada ya bodi ya huko kuburuzana mahakamani na kampuni ya teknolojia. Kumbe kila jimbo na lake.

Niliumia, sifichi. Cheo kile nilikitolea jasho. Usiku nikaitafuta Sheria ya Wahandisi ya Kenya ya 2011: nayo inalilinda jina hilohilo! Miaka sita nimelibeba, na hakuna hata mtu mmoja wa ofisi ya ajira aliyeniambia.

Badala ya cheo kile, yule mama aliandika "Software Developer", halafu akanihoji saa nzima kuhusu mfumo wa malipo wa M-Pesa niliousimamia. Mistari minne aliyoitoa hapo inanieleza vizuri kuliko cheo kile. Tena alinifahamisha kwamba tangu Mei 2023 PEO haidai tena uzoefu wa kazi wa Kanada, kwa hiyo njia ya usajili iko wazi nikitaka kuifuata.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu aliahidi siku tatu zikawa tisa, na barua ya maombi ilikuja na jina la kampuni ambayo sikuwa nimeiomba kazi. Aliirekebisha bila malipo.

Anapokea watu Jumamosi tu, asubuhi. Nendeni na barua zenu zote za ajira, atazisoma moja moja.