Pikipiki ya umeme na betri za kukodi: maoni ya mtu wa steji

Jina la kampuni siliweki hapa. Ziko kadhaa Nairobi zenye biashara hii, na nataka kuzungumzia huduma yenyewe, kwa sababu kila nikiegesha Kangemi lazima mwenzangu mmoja aje kupapasa tangi ambalo si tangi na kuuliza, "Sasa hii inalipa?"

Inalipa, ila kuna jambo. Kwanza utaratibu. Unachukua pikipiki kwa mkopo, unalipa kila siku kwa M-Pesa, na siku moja, Mungu akijalia, inakuwa yako. Betri haiwi yako kamwe. Ni mali ya kampuni. Chaji ikiisha unaenda kituoni, unaacha iliyokwisha na kupewa nyingine, na hapo unalipia tena.

Wale tuliokuwa na petroli mwaka 2023 tunakumbuka. VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kila tarehe 14 ya mwezi tunangoja EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, watangaze bei roho zikiwa mkononi. Oktoba ile lita moja ilifika shilingi 217.36 hapa Nairobi. Siku ya kawaida nilikuwa nachoma kama shilingi 600. Kazi ileile, Westlands, mjini, Kawangware mara mojamoja, sasa betri zinanila kama 350. Oili sibadilishi, plagi sina, klachi hakuna. Fundi wangu wa zamani ananionea breki na tairi tu, na salamu zake siku hizi zimepungua joto.

Kituo ninachotumia ni kontena lililowekwa nyuma ya pampu ya mafuta. Kijana wa zamu anafungua kiti, anachomoa waya, anakunja magoti na kuinua betri kwa mikono miwili maana si nyepesi. Anaskani namba yake, anatazama simu, halafu anavuta nyingine kwenye kabati palipo na taa ya kijani. Kama hakuna foleni, abiria anangoja bila hata kuvua helmeti. Ijumaa jioni mvua ikiwa imenyesha ni habari nyingine, na stima ikipotea mtaani ndiyo utajua hujui. Angalia pia asilimia kabla hujaondoka. Kuna siku unapewa betri ya 88 kwa bei ya iliyojaa. Mwambie kwa upole, "Boss, nitafutie ingine." Mara nyingi ipo.

Barabarani sina malalamiko mengi. Inapanda mlima ikiwa na abiria mzito bila kukohoa, na jioni mikono haitetemeki kama zamani. Kimya chake ndicho hatari. Pita Gikomba uone: watu wanavuka bila kugeuka kwa sababu hawajasikia kitu, na honi utaipiga hadi kidole kiume.

Sasa lile jambo. Kabla maisha hayajanipandisha pikipiki nilisoma uchumi chuoni, na kati ya wote tuliofundishwa, aliyenikaa kichwani ni Julian Simon, profesa wa Marekani aliyefariki 1998. Wakati wenzake wakilia kwamba watu wanazidi na mali ya dunia inakwisha, yeye alisema mali haiko ardhini, iko kwenye akili za watu. Kitu kikiadimika bei inapanda, bei ikipanda watu wanatafuta kingine au njia ya kutumia kidogo, na mwishowe tunajikuta na kingi kuliko mwanzo. Mwaka 1980 aliwekeana dau na mwanabiolojia Paul Ehrlich kuhusu madini matano: shaba, kromiamu, nikeli, bati na tangsteni. Ehrlich alisema bei zitapanda. Kufikia 1990 zote tano zilikuwa zimeshuka ukiondoa mfumuko wa bei, na Ehrlich akatuma hundi ya dola 576.07. (Waliokokotoa dau hilohilo kwa vipindi vingine vya miaka kumi walikuta Ehrlich angeshinda vipindi vingi kuliko alivyoshindwa, kwa hiyo wafuasi wa Simon wasipige makofi sana.)

Nikiwa juu ya hiki kiti, lakini, naona mzee alikuwa na hoja. Mvuke wa Olkaria ulikuwa ukifuka pale karibu na Naivasha tangu enzi za mababu, wala hakuna aliyeuhesabu kuwa mali. Ulikuja kuwa mali watu walipojua kuchimba visima virefu na kuuingiza kwenye mitambo ya umeme. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, uliwashwa 1981. Betri nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 2010 uwezo wa kuhifadhi kilowati-saa moja uligharimu zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2024 ilikuwa kama dola 115. Kobalti, madini yanayotiwa kwenye betri nyingi, ilipokuwa ghali, wengine wakageukia betri za chuma na fosfeti. Hakuna aliyegundua mlima mpya wa madini hapo, ni watu walikaa wakafikiri, na matunda yake ni zile shilingi 250 zinazobaki mfukoni mwangu jioni.

Ninapoachana na Simon ni kontenani. Tangu 2023 kuna bei maalumu ya stima kwa vyombo vya umeme, na saa za usiku ambazo matumizi ya nchi yako chini, unit moja ni nusu ya bei ya mchana. Yaani usiku stima ni tele na ni rahisi. Mimi nikibadilisha betri saa tano usiku nalipa sawasawa na saa sita mchana. Ule utele umefika mpaka kwenye kabati la kampuni ukakaa hapo. Nilimuuliza kijana wa zamu, akacheka: "Mzee, hata mimi usiku nalipwa vilevile."

Na siwezi kuhamia kwingine, kwa sababu betri ya kampuni ile haiingii kwenye pikipiki ya hii. Petroli ilikuwa ghali lakini niliinunua pampu yoyote, na nikikwama mwenzangu wa steji alinimiminia nusu lita kwenye chupa ya soda. Hapa ukichelewesha malipo ya siku, pikipiki inazimwa kutoka ofisini. Mwenzetu mmoja alizimiwa akiwa na mama mjamzito nyuma, karibu na Uthiru, na pesa alikuwa ametuma, mtandao tu ndio ulichelewa. Tulimsukuma hadi kando ya barabara, mama akapandishwa pikipiki ya petroli. Kampuni ilimwomba radhi kwa meseji. Mambo ya soko huru yanataka mnunuzi awe na mlango wa pili wa kutokea, na mimi sijauona.

Nikipewa nyota tano nigawe, huduma hii naipa tatu na nusu. Mbili na nusu ni za mashine yenyewe. Moja ni ya vijana wa vituoni, ambao wanafanya kazi nzito na kuchukua matusi yasiyo yao. Mkataba nauachia sifuri hadi mtu anionyeshe bei ya usiku.

Ukiwa mtu wa abiria wa mjini na vituo viko njiani mwako, chukua, lakini soma kwanza ukurasa unaoeleza pikipiki inazimwa lini na nani wa kumpigia ikizimwa kimakosa, na hiyo namba uijaribu kabla hujatia sahihi. Ukiwa wa magunia ya Marikiti kwenda Limuru, kaa na petroli yako kwanza. Kwa mzigo ule asilimia zinashuka ukiziangalia, na huko juu sijaona kontena.