Bainokula au darubini ya miguu mitatu: uanze na ipi kutazama anga la Arusha na Moshi?

Kwa bei, bainokula (darubini ndogo ya mkononi ya macho mawili) inashinda, na waongoza watalii wengi wa Arusha tayari wanayo. Ya 10x50, yaani inayokuza mara 10 na yenye lenzi za milimita 50, ukiiegemeza vizuri ukutani, utaiona miezi minne ya sayari ya Mshtarii (Jupita), ile aliyoigundua Galileo mwaka 1610. Kilimia, lile kundi la nyota, nacho kinaenea chote ndani yake, kwa kuwa inaona eneo pana la anga. Darubini kubwa hukuonyesha kipande tu.

Pete za sayari ya Zohali (Satani) ni habari nyingine. Zinahitaji kukuzwa kama mara 25 au zaidi, na mkono hauwezi kutulia kiasi hicho. Hapo darubini haina mpinzani, na kwangu mimi pete hizo peke yake zinatosha kuitetea.

Matunzo? Bainokula haidai mengi. Darubini ya vioo, inayotumia vioo badala ya lenzi kukusanya mwanga, hupaswa kurekebishwa vioo vyake, na vumbi la kiangazi huisumbua. Zote mbili, usizielekeze juani kamwe.

Ukiwa Moshi, ambako mawingu ya Kilimanjaro hufunga anga ghafla, bainokula inakufaa. Kama ni klabu ya shule yenye uwanja wa giza upande wa Monduli, changeni mnunue darubini.